Mama Mkwe kwenye Alama ya Kumi na Tatu

Mimi niliacha shule darasa la sita, na sisemi hivyo kwa aibu. Nasema ili ujue maneno haya ni ya mtu wa namna gani. Kuanzia Kitale mpaka Bungoma, miaka ile ya themanini, wenye studio za picha walikuwa wengi, na wengine walikuwa wametundika vyeti ukutani. Lakini ungempa yeyote kati yao ile karatasi inayokuja ndani ya boksi la lenzi, ile yenye grafu, angefungia sabuni. Mimi niliisoma. Naisoma mpaka leo. Nionyeshe grafu ya lenzi yako nami nitakuambia, kabla hata hujaifunga kwenye kamera, nani katika harusi yako atatoka na uso na nani atatoka bila.

Grafu hiyo ndiyo iliyonipa mke, ingawa kwanza ilitaka kuninyima.

Lenzi yangu ya kwanza pana, ile inayomeza watu wengi kwa mpigo mmoja, niliinunua kwenye mnada wa vyombo vya nyumba nje ya Kitale, mzungu mmoja alipokuwa akiuza shamba arudi kwao. Watu waligombania makochi na majembe ya trekta. Mimi niliondoka na lenzi tatu na bahasha ya karatasi zake, nikaona wote waliobaki pale ni wajinga. Mwezi haukwisha nikaitwa kupiga harusi upande wa Chwele. Binti wa kwanza wa mama mmoja mjane alikuwa anaolewa. Nilifurahi mara mbili, kwa sababu binti wa pili wa mama huyo nilikuwa namfahamu tayari. Alikuwa akifanya kazi kliniki huko Lugulu, kupima watoto uzito, na mimi nilikuwa nimeanza kupitia Lugulu hata siku ambazo safari yangu ilikuwa ya Webuye.

Sasa sikiliza jinsi watu walivyopangwa, maana hadithi yote iko hapo. Kwetu mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Hawashikani mikono, hawakai meza moja, na wakikutana njiani mmoja ataingia kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Kwa hiyo siku ya picha ya ukoo mama anasimama mwisho wa mstari huku, mkwe anasimama mwisho kule, na ukoo mzima unajaa katikati kama ukuta wa matofali. Hiyo ndiyo heshima. Mawingu yalikuwa yameshuka kutoka mlima Elgon, mwanga ulikuwa mdogo, nikafungua tundu la lenzi mpaka mwisho ili mwanga uingie. Nikabonyeza. Nikaondoka nikipiga mluzi.

Picha niliisafisha kwa ukubwa wa kutundika sebuleni, nikaipeleka mwenyewe. Mama aliishika kwa mikono miwili. Akaipeleka mlangoni penye mwanga. Akaisogeza mpaka karibu na pua, nikaanza kutabasamu, nikidhani anaficha machozi ya furaha.

"Huyu shemeji yangu katikati," akasema, "naweza kuhesabu vifungo vya koti lake. Moja, mbili, tatu. Hata kile cha mkononi. Sasa niambie, fundi. Huyu mwisho hapa ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Mimi? Mimi ni moshi?"

Na kweli. Katikati nyuso zilikuwa kama zimechongwa, lakini kadiri macho yalivyokwenda pembeni watu waliyeyuka kama mafuta kwenye sufuria. Mama hakuwa na macho wala mdomo, alikuwa na ukungu uliovaa kitambaa. Mkwe mpya, kule mwisho wa pili, alifanana na nguzo inayotetemeka.

"Mama, naweza kukupiga peke yako, bure kabisa," nikasema.

"Peke yangu nikifanya nini? Mimi nataka kitambulisho? Hiyo ni picha ya boma langu, na mwenye boma hayumo." Kisha akanitazama vizuri, kutoka viatu mpaka kofia. "Na nimesikia unamzungukazunguka huyu wangu wa pili pale kliniki. Ati unataka kuleta wazee. Usilete. Mtu asiyeweza kuona uso wa mama, atamwona binti vipi? Siku utakaponionyesha uso wangu kwenye mstari wa watu wangu, hapo ndipo tutaongea."

Baba wa nyumba hiyo alikuwa amefariki, na yule shemeji wa vifungo vitatu, ambaye ndiye angenipokea mimi na wazee wangu, alikuwa hathubutu kumpinga mama huyo hata kwa bei ya kuku. Neno lilikuwa limetoka.

Nilirudi Kitale, nikamwaga ile bahasha ya karatasi mezani. Maandishi yalikuwa Kiingereza cha juu, yakaniruka. Lakini kulikuwa na kiboksi chenye mistari. Ubavuni namba zilipanda kutoka sifuri mpaka moja, chini namba zilitembea: sifuri, tano, kumi, kumi na tano, ishirini. Ndani mistari ilianzia juu kushoto, ikaenda sawa kidogo, halafu ikaporomoka kuelekea kulia. Nikaikunja, nikapanda gari la Lugulu.

Binti alikuwa amemaliza foleni ya akina mama. Alichukua kadi ya mtoto, ile kadi ya kliniki yenye njia yake ya rangi, akaiweka karibu na karatasi yangu.

"Grafu ni grafu," akasema. "Hapa ubavuni ni kilo za mtoto. Hapa chini ni miezi. Mstari ukipanda, mtoto anakula. Ukishuka, tunamwita mama yake tumwulize kunani."

"Basi hii yangu inashuka."

"Inashuka vibaya sana. Huyu wako angelazwa."

Tukacheka, lakini kichwani mwangu mambo yalikuwa yamefunguka yote, au hivyo nilidhani. Ubavuni ni nguvu ya lenzi. Chini ni miaka! Lenzi ikiwa mpya iko juu, ikifika miaka kumi inaanza kuchoka, ikifika ishirini imekwisha. Na mzungu yule alikuwa mzee. Nikaona nimeuziwa ajuza. Nililala usingizi mzuri usiku huo kwa kuwa mwerevu hivyo. Kesho yake nikamweleza kila mpiga picha aliyepita mlangoni kwangu kwamba lenzi zina umri kama ng'ombe, wakaondoka wakitikisa vichwa kwa heshima. Ile lenzi nikaizika kwenye droo, nikaenda duka la dawa la mjini Kitale. Siku hizo maduka ya dawa ndiyo yaliyouza filamu na kamera. Nikachukua lenzi pana mpya, ambayo plastiki yake ilikuwa haijafunguliwa. Pesa hiyo nilikuwa nimeiweka ya kitanda. Nikaendelea kulala kwenye godoro chini, kifua mbele.

Jumapili iliyofuata nikapiga kwaya ya kanisa. Ilikuwa jioni, ndani, tundu wazi kabisa. Sauti ya kwanza mwisho huku, besi mwisho kule. Pande zote mbili wakatoka moshi.

Nilikaa na zile picha nikiwa nimeshikwa na hasira, halafu hasira ikageuka kitu kingine. Mtoto mchanga hawezi kuwa na ugonjwa wa ajuza! Nikakimbilia boksi la lenzi mpya, nikatoa karatasi yake. Mstari uleule, kuporomoka kulekule. Nikarudi mbio duka la dawa, nikamwonyesha mwenye duka, mzee mpole wa miwani minene.

"Hii lenzi inakufa baada ya miaka ishirini?" nikamwuliza.

Akainama, akaisoma, akacheka mpaka miwani ikashuka. "Fundi, kwani lenzi inapelekwa kliniki? Hapa chini wameandika milimita. Milimita za nini, mimi sijui. Mimi nauza, bwana, sipigi picha."

Milimita! Hakujua alichonipa. Nilifunga studio mchana kweupe, nikabandika karatasi mlangoni kwamba nimeenda mazishini, Mungu anisamehe. Nikapanga karatasi zote mezani, za lenzi ndefu, za lenzi fupi, ya zamani na mpya. Kila moja ilitembea mpaka ishirini na kidogo, ikakoma. Lenzi ndefu kama mkono na lenzi fupi kama kikombe zote zinakoma pamoja. Kwa nini? Ni kitu gani ambacho lenzi hizi zote zinagawana?

Filamu. Zote zinaangusha picha kwenye filamu ileile!

Nikachukua negativi, kile kipande cha filamu chenye picha, nikaweka rula. Urefu milimita thelathini na sita, upana ishirini na nne. Nikapima kutoka pembe mpaka pembe ya pili: arobaini na tatu. Nikaikata nusu, kutoka katikati mpaka pembe. Ishirini na moja na nusu.

Nakuambia nilisimama nikagonga kichwa kwenye rafu ya dawa za kusafishia picha na sikusikia. Zile namba hazikuwa miaka, zilikuwa safari. Sifuri ni katikati ya picha, pale alipokuwa shemeji na vifungo vyake. Kuelekea ishirini ni pembeni, pale alipokuwa mama. Mstari ulikuwa unaniambia jinsi mtu anavyofifia kadiri unavyomsukuma mbali na katikati. Waliotengeneza lenzi walikuwa wameandika kosa langu kabla sijalifanya!

Wiki iliyofuata sikuwa mtu wa kuzungumza naye jambo lingine. Nilibandika magazeti ya zamani kwenye ukuta wa ghala la mahindi nyuma ya studio, ukuta mzima, nikayapiga tena na tena, kila mara nikibadilisha tundu. Wapakiaji wa magunia walisimama kuangalia.

"Huyu anapiga picha gazeti la mwaka jana," mmoja akasema. "Habari zimemfikia leo."

"Mwache bana, labda anatafuta jina lake kwa wanaotafutwa."

Wacheke. Kwa kioo cha kukuza nilisoma negativi zangu, nikalinganisha na grafu, na kila mstari ukanifungulia mlango. Kuna mistari minene na mistari myembamba. Minene ni ya vitu vikubwa, kama herufi za kichwa cha habari, na hiyo inakaa juu muda mrefu. Myembamba ni ya vitu vidogo, herufi za matangazo ya vifo, kope, nyuzi za sweta, na hiyo ndiyo inayoanguka mapema. Halafu kuna mistari mizima na mistari ya vipande. Hapa nilikwama siku mbili, mpaka nilipotazama gurudumu la baiskeli yangu. Mstari mzima ni wa spoki, vitu vinavyotoka katikati kwenda nje. Mstari wa vipande ni wa rimu, vitu vinavyozunguka. Mistari hiyo miwili ikitembea pamoja, pembeni panatulia. Ikiachana, nywele za mtu zinaota mkia upande mmoja. Nilivyogundua hilo niliiendesha baiskeli hiyo kuzunguka ghala mara tatu, bila sababu.

Lakini la maana kuliko yote ni kwamba grafu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni ya tundu likiwa wazi kabisa, na hiyo ndiyo inayoporomoka. Ya pili iliandikwa nane, yaani tundu likibanwa mpaka namba nane, na humo mistari ilitembea juu, imenyooka kama reli, mpaka alama ya kumi na tano kabla ya kuinama. Nikafungua ile droo. Nikatoa ajuza wa mnadani, nikampiga kwa nane. Hakuwa ajuza hata kidogo! Alimshinda yule mpya wa plastiki. Niliomba radhi kwa sauti, kwa lenzi, ndani ya chumba cha giza.

Sasa nikahitaji mstari wa watu wa mama, nikasubiri miezi mingi, karibu mwaka. Binti ndiye aliyeniletea habari: mtoto wa dada yake anabatizwa, ukoo wote utakuwa pale Chwele, na mama amekubali nije. "Lakini amesema ni mara ya mwisho," akaniambia. "Ukimtoa moshi tena ataniombea kazi mbali na Lugulu. Na atafanya, wewe humjui."

Nilifika asubuhi na stendi ya miguu mitatu, nikapima kwa hatua kiwanja cha mama, jirani na kanisa. Tatizo lilikuwa moja, na wenyeji wa huko mnalijua: saa nane mchana Elgon huteremsha mawingu, na tundu la nane linataka mwanga. Ibada ikarefuka. Mhubiri alipomaliza akakumbuka kitu kingine. Tulipotoka, kivuli cha mawingu kilikuwa tayari kimeanza kushuka mlimani, kinakuja kama mtu mwenye haraka.

Wakajipanga kwa mama walivyozoea, mama mwisho huku, mkwe mwisho kule, na mtoto aliyebatizwa katikati. Yule shemeji akapaza sauti: "Fundi, si umweke mama katikati, yaishe?"

"Nikae katikati?" mama akasema. "Halafu mkwe wangu aende wapi, abaki nusu ya njia? Nusu ya mstari si heshima. Fundi alisema anajua kazi. Afanye kazi."

Na mimi sikutaka awe katikati! Nilikuwa na hesabu yangu kwenye kiganja, nimeiandika kwa kalamu. Kutoka katikati ya negativi mpaka ubavu ni milimita kumi na nane. Nikiacha tano tupu kila upande, mama anaangukia kumi na tatu, ndani ya reli. Basi nikaanza kurudi nyuma. Nikaangalia kwenye kamera, bado. Nikarudi tena. Nikapita jiko, nikafika ukingo wa zizi, nikafungua mti wa mlango, nikaingia.

"Anatukimbia huyo!" mama akaita. "Wewe, picha ni ya watu ama ya ng'ombe?"

"Nakuja karibu na uso wako, mama!"

"Kwa kurudi nyuma?"

Ukoo mzima ulicheka. Nilikuwa nimesimama kwenye samadi mpaka juu ya viatu, ndama ananivuta shati. Lakini nilipochungulia nikaona nilichotaka: watu wote wamekaa katikati, na kushoto na kulia, kwenye zile milimita tano mbaya, hakuna mtu. Kuna migomba. Migomba ya mama, huku mitatu, kule minne. Wacha migomba ififie, haina mama wa kulalamika.

Kivuli kikagusa paa la kanisa. Nikabana tundu, nane. Kipimo cha mwanga kikaniambia nifungue muda mrefu, muda ambao mtu akipepesa anaharibika.

"Sikieni!" nikapiga kelele kutoka zizini. "Nikihesabu tatu, kila mtu ashike pumzi kama anapita nyuma ya choo cha soko. Asicheke mtu. Hata wewe, baba mdogo mwenye vifungo."

Mama hakucheka. Alinyanyua kidevu, akanitazama moja kwa moja kupitia uwanja mzima, kama mtu aliyekuja kudai. Moja, mbili, tatu. Kilango cha mwanga cha kamera kikafunguka, kikafungika. Nikarudia mara moja, kisha jua likazimwa, na matone ya kwanza yakanipata nikiwa nakumbatia kamera chini ya shati.

Filamu hiyo niliisafisha usiku huohuo. Karatasi ilipoanza kupata rangi ndani ya dawa sikutazama katikati. Nilitazama mwisho wa mstari. Kitambaa kikaja kwanza. Kisha paji la uso. Kisha macho mawili, makali vilevile, yananiuliza swali. Nilipiga yowe hata jirani yangu fundi cherehani akagonga ukuta.

Nikaipeleka kesho yake. Binti alikuwepo, ni siku yake ya mapumziko. Mama akaichukua, akaenda mlangoni penye mwanga, palepale. Safari hii sikutabasamu, nilikuwa nimeshika kofia.

Kidole chake kilitembea juu ya mstari mpaka mwisho, kikasimama kifuani pake.

"Moja," akasema. "Mbili. Tatu. Nne." Kidole kikatulia. "Kifungo cha tano kilidondoka nikiwa kanisani. Uzi wake huu hapa, unaning'inia."

Nikafungua mdomo nijigambe, maana nilikuwa nimejiandaa njia nzima kutoka Kitale: spoki, rimu, kumi na tatu, yote. Lakini mama alikuwa amefanya jambo. Alivuta leso yake akafunika nusu ya uso. Akanigeuzia bega, akahama kutoka mlangoni mpaka upande wa pili wa nyumba, mbali nami kadiri chumba kilivyoruhusu. Miezi yote hiyo alikuwa akinisema ana kwa ana bila kunihurumia. Sasa aliongea na ukuta.

"Mwambie mtu huyo," akamwambia binti yake, "kwamba wazee wake waje baada ya mavuno. Na mwambie apitie mlango wa nyuma, asipite karibu nami."

Binti alinitazama, mkono mdomoni. "Umesikia?"

Nilikuwa nimesikia. Mama anayekukimbia hivyo ameshakuhesabu kuwa mkwe. Nilitoka mlango wa nyuma nikaruka uzio wa zizi lilelile, na nikafika barabara ya Kitale sijui kwa miguu gani.

Picha ya siku yangu mwenyewe niliipiga mwenyewe, nani mwingine? Niliweka kamera zizini, tundu la nane, nikawasha ile saa yake ya kujipiga. Sekunde kumi. Nikakimbia na suti, nikizunguka nyuma ya jiko ili nisipite mbele ya mama, watu wakipiga kelele "Kimbia, mkwe, kimbia!" Nikafika mwisho wangu wa mstari nikihema, sentimita chache kabla ya migomba. Ipo sebuleni kwangu. Mama yuko mwisho kule, mimi mwisho huku, kumi na tatu kwa kumi na tatu, na ukikaribia kwa kioo utaona samadi kwenye kiatu changu cha kushoto, kila unyasi wake.